Mwanafunzi Aliyemkimbia Mwalimu

Alasiri ya Jumatano, waliokuwamo katika chumba cha kompyuta ni hawa: mwalimu wa kompyuta, akisahihisha madaftari mezani pake; Cherehani, msichana wa darasa la sita aliyepewa jina hilo kwa kasi ya vidole vyake; Miwani, mchoraji wa kundi; na Kiranja, msichana aliyeshika saa.

Kama ilivyokuwa desturi yao, watoto hao walipangusa vumbi, wakawasha kompyuta ya tatu kutoka dirishani, wakabanana watatu kwenye benchi moja. Mchezo wao ulihusu maisha ya mwanafunzi: anawahi kengele, anajifunza darasani, anacheza uwanjani, anakusanya alama. Miwani alichora picha. Cherehani aliandika maelekezo ambayo kompyuta huyafuata kuuendesha. Ijumaa shule nzima ingekusanyika kuutazama, na mwalimu alikwisha kuonya kuwa mchezo wenye hitilafu hautapanda jukwaani.

"Haya, jaribu," alisema Kiranja. "Tuna dakika arobaini tu."

Cherehani alibonyeza kitufe cha mshale. Mwanafunzi wa kwenye skrini, mwenye kaptura ya buluu, akaingia darasani, akamwendea mwalimu wake kuuliza swali. Alama zikaporomoka: themanini, sitini, thelathini, sifuri. UMEFELI!

"Amefeli kwa kuuliza swali?" Miwani alishangaa.

Wakaanza upya. Safari hii Cherehani alimficha mwanafunzi nyuma ya kabati. Alama zikapanda hadi mia moja. UMEFAULU!

"Mchezo mtamu huu," Miwani alicheka. "Kuanzia kesho nahamia nyuma ya kabati."

"Hebu nyamaza!" Cherehani alisema. "Labda kompyuta imepata joto."

Waliizima, wakaiwasha. Mambo yakawa yale yale. Cherehani akabadilisha rangi ya kaptura, akamsogeza mwalimu wa kwenye mchezo dirishani, akafuta hata kabati lenyewe. Mwanafunzi akajibanza kwenye kona, akafaulu vilevile. Aliikodolea macho mistari ya maelekezo asione pa kushika.

"Si wewe uliyeiandika?" Kiranja aliuliza. "Mstari huu unasema nini?"

Cherehani alianza kuusoma mstari kwa sauti, akakwama kwenye neno la pili.

Mwalimu aliweka kalamu chini, akaja kusimama nyuma yao. "Nisomee, mwanangu. Taratibu, mstari mmoja mmoja."

"Mwalimu, mimi..." Aliwatazama wenzake waliomwamini wiki nzima. "Sikuiandika mimi. Niliinakili kutoka kwenye kompyuta ya kaka yangu bila kumwambia. Nilibadilisha majina tu."

"Mchezo wa kaka yako unahusu nini?"

"Panya anamkimbia paka."

"Kwa hiyo panya ukamwita mwanafunzi," mwalimu alisema polepole, "na paka je?"

"Paka..." alinong'ona. "Paka nikamwita mwalimu."

Miwani aliangua kicheko mpaka miwani ikamdondoka. Kiranja hakucheka. "Ulituambia umeandika mwenyewe! Nimekusifu mpaka kwa mama."

"Nisamehe, dada. Niliona haya kusema sijui."

Mwalimu akavuta kiti. Alieleza jinsi kompyuta inavyopima umbali kati ya panya na paka, na kumpunguzia panya uhai, yaani zile alama, kila paka anapomkaribia, na kumwongezea anapojificha. Cherehani aliuliza, akauliza tena, mpaka akaelewa. Kisha akaifuta ile mistari, akaandika sita ya kwake, mwalimu akitazama tu. Miwani akabonyeza mshale. Mwanafunzi akamwendea mwalimu. Alama zikapanda kumi.

"Hukukosea kwa kutojua," mwalimu alimwambia. "Sote tuliopo hapa kuna tusiyoyajua. Ulikosea kwa kuchukua kazi ya mwenzako na kuiita yako. Ndiyo maana ilipoharibika hukuweza kuitengeneza. Ukikwama tena, njoo uniulize. Mimi siumi." Akatazama saa. "Sasa niambieni, Ijumaa mtaonyesha nini?"

Cherehani alisimama, akawageukia wenzake.

"Sehemu ya uwanjani nayo niliinakili," alisema. "Leo nitamwambia kaka nilichofanya. Ijumaa tutaonyesha darasa peke yake, na nitawaeleza watu kwa nini uwanja haupo."