Mshale Mmoja wa Altomare

Jioni ile Nunziata, dobi wa bandarini Napoli, alipeleka mashuka kwa Don Lattanzio, wakala wa picha. Mashuka yalikuwa kisingizio tu.

Altomare, mchoraji muuaji aliyefukuzwa kila mji alikotia mguu, alikuwa amemkalisha Carmosina, binti wa Nunziata, mbele yake, akamchora kama mtakatifu aliyechomwa mshale kifuani. Watu watatu wazima aliowachora kama maiti kabla ya hapo walikwisha kuzikwa. Sasa Carmosina alikuwa na doa jeusi kifuani, na kadiri rangi ilivyokauka ndivyo pumzi ilivyompungua.

Lakini Don Lattanzio, kwa haraka zake, alikuwa ameianika picha juani kama soksi. Vanishi ikayeyuka, rangi ikalainika upya.

Leo tu. Kesho ingeshika.

Chumba kilinuka mafuta ya kitani... na damu mbichi. Nunziata akaukwangua mshale kwa kucha.

Picha ikashusha pumzi.

"Umefanya nini, Mama Nunziata?" Don Lattanzio alinong'ona nyuma yake.

"Nimemtoa mwanangu."

Don akajibwaga kitini. Hati ya forodha, alieleza, ilikwisha kupigwa mihuri minne: mtakatifu mmoja, mshale mmoja. Mshale ukikosekana, picha itazuiwa mpaka Krismasi na yeye atalala ndani. Nunziata akapiga magoti, akalia. Hati haikuwa na nafasi ya machozi.

"Basi mshale uwepo," Nunziata akasema hatimaye. "Kwani wameandika umemchoma nani?"

Pichani, nyuma ya mtakatifu, Altomare alikuwa amejichora mwenyewe, akichungulia mdomo wazi.

"Mpe huyo. Kooni."

Don akautazama mlango. Akachukua brashi.

Usiku huo Carmosina aliomba supu ya maharage, akalalamika haina chumvi.

Wiki mbili baadaye habari zikaja: Altomare, akiwa njiani kwenda Roma kuomba msamaha, ameanguka ufukweni, akafa. Homa, waliandika. Tundu la kooni halikuandikwa.

Kisha Don Lattanzio akamwita Nunziata. Barua ya wanunuzi wa picha ilikuwa imefika kutoka Genova.

"Wameipokea. Wana swali moja tu. Pembeni yuko mwanamke mwenye kapu la nguo... Hayumo kwenye hati. Wanataka maelezo."

Nunziata akatazama ukucha wake. Siku zote hizo za sabuni na maji ya majivu, na wekundu haujatoka.

"Nimesimama," akauliza polepole, "au nimelala?"

Don akaisoma barua upya. Akaigeuza nyuma.

"Hawakuandika."