Jiwe la Nafula

Kila asubuhi, kabla kengele haijalia, Adeke alikuwa ameshafagia darasa la saba na kuketi kwenye dawati la mbele. Katika kila darasa dawati la mbele lilikuwa la mwanafunzi wa kwanza, na kwa miaka mitatu hakuna aliyemng'oa. Mwaka wa 1974 akaja Nafula kutoka Khunyangu, baada ya mama yake, Roselida, kuhamia Moding kuuza mihogo mikavu. Mtihani mmoja tu, Nafula akawa wa kwanza, na Adeke akasogezwa nyuma.

Basi wivu ukamla. Alimcheka Nafula kwa kutojua Kiteso, lugha ya hapo, akamcheka kwa kukosa viatu, akamcheka hata kwa kikohozi chake. Darasa zima likacheka naye, maana asiyecheka angechekwa yeye.

Jumamosi moja ya Septemba, Mwalimu Wabwire aliwapeleka kupanda kilima cha mawe kilicho nje ya mji, waone mapango. Hakikuwa kilima kirefu, lakini kilisimama wima, na mawe yake yalikuwa ya mchanga, yanameguka ukiyakanyaga vibaya. Chini yake palikuwa na shamba la Mzee Ikapel, mrina asali.

"Kila mtu aweke jiwe moja hapa," Mzee Ikapel aliwaambia. "Ukishuka, chukua moja utupe. Jiwe likibaki, kuna mtu amebaki juu."

"Si tuwahesabu tu, mzee?" aliuliza mwalimu.

"Watu hawahesabiwi kama mbuzi, mwalimu. Ni mkosi. Sisi tunahesabu mawe."

Wakaweka mawe, wakapanda wakishikilia mizizi, magoti yakichubuka. Walikula viazi juu ya jabali, wakaingia mapangoni wakipiga kelele ili wasikie sauti zao zikirudi. Mwalimu alipoita washuke, Adeke alimvuta Nafula pembeni.

"Mwalimu amesema wewe ungoje ndani ya pango hili kubwa. Uchore ramani yake yote, kwa sababu wewe ndiye namba wani. Atakuja kukuchukua."

Nafula alitabasamu. Tangu afike shule ile, hakuna aliyewahi kumtuma jambo la heshima. Akatoa penseli, akaketi.

Huko chini, Adeke aliokota mawe mawili. La pili alilitupa kichakani bila kuonekana. Alitaka Nafula achelewe, achapwe, aonje aibu. Mwalimu alitazama mahali pa mawe, akaona peupe, akatazama wingu zito lililokuwa likija, akawaambia wakimbie nyumbani.

Saa tisa mvua ilimwagika.

Ilipokatika, Roselida alifika shuleni akiwa amelowa. "Mwalimu, mtoto wangu yuko wapi?"

"Alishuka, mama. Mawe yaliisha yote."

Kama alishuka, basi alikuwa njiani, na njia ya kwao ilivuka kijito ambacho sasa kilikuwa kimefurika. Watu wakakimbilia huko, na Adeke akafuata kundi. Alimwona Roselida akikaza leso kiunoni na kuingia majini mpaka kifuani, akipapasa chini kwa mti mrefu na kuita, "Nafula! Omwana wanje! Mwanangu!"

Adeke alijua. Alifikiria kiboko cha mwalimu, akafikiria mkanda wa baba yake, akanyamaza. Mwoga huyo alisimama pale akimtazama mama wa watu akitafuta maiti isiyokuwepo.

Mara kitu cheusi kikapita kwenye maji. Roselida alijirusha kukikamata, akateleza, akazama. Wanaume wawili walimvuta akitapika maji. Mikononi alikuwa amekumbatia gunia bovu. Akalitupa, akageuka kuingia tena.

"Mama, usiingie!" Adeke alipiga ukelele. "Nafula yuko mlimani! Mimi nilimwacha pangoni. Jiwe lake nililichukua mimi!"

Hakuna aliyemgusa. Mwalimu alimtazama kana kwamba hamjui, kisha wote wakakimbia.

Walimkuta Nafula chini ya pango. Maji yalipoingia ndani alijaribu kushuka, jiwe likamegeka. Mguu wake wa kulia ulikuwa umevunjika chini ya goti, na daftari alikuwa amelificha ndani ya nguo lisilowe.

"Mwalimu," alisema meno yakigongana, "ramani haijaisha. Utanichapa?"

Mwalimu Wabwire aliinama mbele yake. Alimbeba mgongoni, akashuka naye akilia waziwazi.

Adeke alichapwa mbele ya shule nzima, lakini viboko huisha uchungu. Novemba ilipofika, wenzake waliketi kufanya mtihani wa mwisho wa shule ya msingi, naye Nafula alikuwa amelala nyumbani, mguu ndani ya plasta. Angerudia mwaka mzima. Adeke alirudishiwa dawati la mbele, na hakuna aliyetaka kukaa karibu naye.

Siku ya mwisho ya mtihani alikwenda kwa akina Nafula kuomba msamaha. Nafula alimtazama kidogo.

"Ulisema mwalimu amenituma," alisema, kisha akageukia ukuta.

Roselida alikuwa akimenya mihogo mlangoni. Hakumkaribisha kiti.

"Sitakulaani," alisema. "Ulifungua mdomo, na mtoto wangu yu hai. Lakini nisikie vizuri, binti. Mvua ilianza saa tisa, wewe ukasema saa kumi na moja. Mguu wa mwanangu ulivunjika kati ya saa hizo, wewe umenyamaza. Uongo ni mbaya, na kuchelewesha ukweli ni kuendelea kudanganya. Ukikosa, sema wakati bado kuna kitu cha kuokoa."

"Ndiyo, mama."

"Sasa chukua kisu hicho, ukae hapa. Kumenya mihogo ilikuwa kazi ya Nafula kila siku akitoka shule. Mpaka asimame, ni yako."