Sauti ya Wasokota Kamba

Jumamosi ile kituo cha treni cha Krummsiel, mji mdogo wa pwani, kilijaa pomoni. Mashabiki wa Wasokota Kamba walikuwa wanaifuata timu yao ugenini, na kama kawaida yao walisafiri na nyumba nzima: mabibi na mikongojo yao, watoto mabegani, chupa za chai, vikapu vya mayai ya kuchemsha. Katikati ya msongamano alisimama Tomke Habben, mwanamke wa miaka thelathini na moja, koti la mvua la manjano mwilini, nywele za rangi ya majani makavu zimefungwa ovyo kisogoni, akiwaelekeza watu mabehewa yao kwa sauti iliyofika mwisho wa kituo bila kipaza sauti. Wala haikuwa ajabu. Siku za kazi Tomke aliuza miwani dukani katikati ya mji, lakini siku za mechi alikuwa mtangazaji wa ukumbini. Yeye ndiye aliyewaita wachezaji uwanjani mmoja mmoja: akitaja jina la kwanza, watu elfu nne wanajibu jina la ukoo mpaka mapaa yanatikisika.

Treni ilipoondoka, kiti pekee kilichobaki kilikuwa mbele ya mwanamume mmoja mrefu, aliyejikunja kama mtu aliyekalia kigoda cha chekechea. Alivaa sweta la kijani juu ya shati jeupe lililonyooshwa vizuri, na uso wake ulikuwa umetoka kunyolewa. Hakuwa na skafu.

"Kaka, shingo yako iko uchi," Tomke alimwambia. "Kwenye behewa hili hiyo ni dhambi."

Akachomoa skafu ya bluu na nyeupe mkobani akamvisha bila kuomba ruhusa. Yule bwana akatabasamu, akasema yeye ni mgeni mjini, anataka kuona kitu ambacho watu wa hapa wanakipenda kiasi hiki.

Basi hapo akawa amefungulia bomba. Tomke alimsimulia kazi yake ya utangazaji, na jinsi klabu ilivyoanzishwa na wanawake wa kiwanda cha kamba baada ya vita, waume zao wakiwa bado hawajarudi na wengine wasingerudi kamwe. Walicheza nyuma ya kiwanda wakiwa na aproni zao, viganja vimekomaa kwa kusokota katani hata mpira ulikuwa hauponyoki. Bibi yake Tomke alikuwa kipa. Kutoka uwanja ule wa changarawe klabu ilipanda ngazi moja baada ya nyingine mpaka Ligi Kuu ya mpira wa mikono, na huko imebaki, ilhali timu za miji mikubwa zinapanda na kushuka. "Mji wetu ukiutafuta kwenye ramani utahitaji miwani," alisema, "na bahati nzuri mimi nauza."

"Na huyu mchezaji mpya mliyemleta kutoka Slovenia?" mgeni akauliza.

"Zupan? Usinitoneshe kidonda. Ana miaka thelathini na mbili, na goti lake nasikia limefunguliwa mara nyingi kuliko mlango wa baa."

"Mimi nimesikia ni mvivu wa kukaba."

"Unaona? Hata wageni mnajua."

"Tena anakoroma."

Tomke alicheka mpaka yai likamponyoka mkononi. Akamuuliza hilo amelijulia wapi. Treni ilikuwa inapunguza mwendo, watu wameanza kusimama na kuimba, na yule bwana akajibu kwa upole: "Mama yangu ndiye anayelalamika."

Ilimchukua muda kuelewa. Picha ya Zupan gazetini ilikuwa na ndevu, huyu hana. Na timu ilikuwa imetangulia kwa basi. Ingemwingiaje akilini kwamba mchezaji ambaye usajili wake bado haujaidhinishwa angeamua kwenda na mashabiki? Uso ulimwiva kama nyanya. Mwanamume yule akasimama, kichwa kikigusa rafu ya mizigo, akampa mkono.

"Jernej. Tamka Yernei. Wiki ijayo utaniita mbele za watu, afadhali tuanze mazoezi mapema."

Mazoezi yalianza kwa simu. Jumatatu jioni alipiga akasema ana malalamiko rasmi kuhusu matamshi. Tomke akalitaja jina. Akaambiwa arudie. Akarudia.

"Bado kidogo," Jernej alisema. "Kesho nitapiga tena."

"Na nikilipatia kesho?"

"Basi tutaanza jina la ukoo."

Mpaka majani ya miti yanadondoka, somo lilikuwa halijaisha, ijapokuwa Tomke sasa aliweza kulitaja jina lile hata akiwa na mswaki mdomoni. Walitembea juu ya tuta la kuzuia bahari, upepo ukiwasukuma, kondoo wakiwatazama. Walikula mikate yenye samaki wa siki sokoni. Jernej alikuja na ile gundi ambayo wachezaji hujipaka vidoleni ili kuukamata mpira, na ingawa alinawa kwa mafuta na sabuni, aliiacha kila alipogusa: kwenye kitasa cha mlango, kwenye simu, kwenye mikono ya koti la manjano. Wenzake wa dukani walimtania Tomke kwamba wanawake wengine huvishwa pete, yeye amepakwa gundi.

Alimpeleka nyumbani kwa baba yake. Mzee Focko Habben ndiye aliyekuwa nahodha mwaka timu ilipoingia Ligi Kuu kwa mara ya kwanza, na mchezo ulimwachia goti lisilokunjika na mkongojo. Alimmiminia mgeni chai juu ya sukari ya mawe, akatia tone la malai. Jernej akamaliza, akamiminiwa tena. Hakuna aliyemwambia kwamba asiyeweka kijiko ndani ya kikombe huhesabiwa kuwa bado ana kiu. Alikunywa kwa adabu mpaka jasho likamtoka, ndipo mzee akamhurumia. Kuanzia siku hiyo wawili wale walikuwa na mazungumzo yao wenyewe, na mara nyingine Tomke alifika akawakuta wamekaa kimya kama watu waliokatizwa.

Na uwanjani, jamani, Jernej alikuwa kitu cha kutazama. Aliruka mbele ya ukuta wa mabeki, akakaa hewani kana kwamba amewekewa kiti huko, akasubiri kipa ajichagulie upande, kisha akautuma mpira upande wa pili. Wazee walioketi safu ya mbele walisema hawajaona mkono kama ule tangu enzi za Focko. Tomke akiita, ukumbi unaitika, naye kabla ya kuingia hutazama juu kwenye meza ya mtangazaji kwa kitambo kifupi tu. Mji mzima ulikiona kile kitambo. Hakuna aliyekisema.

Mambo yaliharibika mwezi wa Januari. Mteja mmoja aliyekuja kuchukua miwani yake mpya alimpongeza Tomke kwa kuwa na mchumba wa kimataifa: shemeji yake alimwona Jernej Jumanne uwanja wa ndege, anapanda ndege ya Budapest. Tomke alitabasamu, akampangusia vioo. Lakini magazeti ya wiki ile yaliandika kwamba klabu moja tajiri ya Budapest, Hungaria, inatafuta mfungaji wa upande wa kushoto kabla dirisha la usajili halijafungwa. Jioni alimpigia.

"Juzi Jumanne ulikuwa wapi, mpenzi? Nilikupigia hukupokea."

"Nilishinda nyumbani. Nililala."

"Umelala siku nzima?"

"Nilikuwa nimechoka, Tomke."

Alitaka kumwambia kwamba anajua. Badala yake alimtakia mapumziko mema, akakata. Moyo wa mtu aliyedanganywa na ampendaye hauhitaji ushahidi zaidi, unajitungia wenyewe. Usiku mmoja ulitosha kumwaminisha kwamba skafu, chai, tuta la bahari, vyote vilikuwa vya mtu aliyekuwa anasubiri treni nyingine.

Jumamosi aliwaita wachezaji. Alipofika kwake, alilitaja jina lile kama anayesoma tangazo la gari lililoegeshwa vibaya. Ukumbi ulijikwaa katika kuitika. Jernej alisimama mlangoni, akatazama juu, na safari hii Tomke alikuwa anatazama karatasi zake. Baada ya hapo hakupokea simu. Alipokuja dukani alimhudumia kama mteja, akamuuliza kama anaona vizuri herufi za mstari wa chini.

"Sijaja kwa ajili ya macho," Jernej alisema.

"Basi hapa hatuna cha kukuuzia, bwana."

Akaondoka. Dirisha la usajili likafungwa, naye hakwenda popote, lakini Tomke alisema moyoni kwamba labda walishindwa kuelewana. Mtu akishaamua kuumia hakosi njia.

Februari wakacheza nyumbani na vinara wa ligi. Wasokota Kamba walikuwa nyuma kwa bao moja, dakika zinayoyoma, na mpira ukamfikia Jernej. Aliruka. Bao likaingia, ukumbi ukalipuka, naye akatua na kuanguka. Hakuna aliyemgusa. Goti lilikataa tu, kama bawaba iliyochoka. Kelele za shangwe zilikatika, na katika kimya kile Tomke alikuwa ameshika kipaza sauti na watu elfu nne wanamsubiri yeye. Kazi yake ilikuwa kutangaza mfungaji. Badala yake akasema, kwa sauti ndogo ambayo hawakuwahi kuisikia, "Tafadhali mpisheni daktari." Akakaa mahali pake mpaka filimbi ya mwisho, kwa sababu bibi zake waliocheza na aproni hawakuondoka uwanjani, lakini hakumbuki matokeo aliyatangazaje.

Baba yake alimngoja kwenye gari. Hawakuondoka. Mzee alishika mkongojo wake kwa mikono miwili.

"Binti yangu, niliahidi kunyamaza, na leo naivunja ahadi," alisema. "Hakwenda Budapest kutafuta timu. Alikwenda kwa daktari aliyempasua goti zamani. Aliambiwa limekwisha, kila mechi ni ya kubahatisha. Alikuja kuniuliza mimi nilijuaje kwamba wakati wangu umefika."

"Ukamwambia nini?"

"Nilimwambia sikujua. Niliambiwa na goti."

"Na mimi mkanificha. Wote wawili."

"Nilimsihi akwambie. Akasema bado kidogo."

Asubuhi ya Jumapili Tomke aliingia hospitali na koti lake la manjano likichuruzika mvua. Jernej alikuwa amelala, mguu umeinuliwa, miguu yote imepita mwisho wa kitanda. Alijaribu kuketi. Tomke akamwambia atulie hapo hapo alipo, kwa sababu amekuja kugomba na hataki kumhurumia mgonjwa.

"Ulinidanganya."

"Nilikudanganya."

"Nililia wiki tatu kwa ajili ya Wahungaria, Jernej. Watu ambao hawajanikosea chochote."

Jernej alicheka kidogo, kisha uso ukabadilika. Alitazama dirishani. Alisema tangu ana umri wa miaka saba hajawahi kuwa kitu kingine ila mtu anayerusha mpira. "Ulipokuwa unaniita, ukumbi wote ulisimama kwa ajili yangu. Niliogopa siku ambayo hutakuwa na sababu ya kunitaja."

Tomke aliketi ukingoni mwa kitanda. "Mjinga wewe," alisema, "mimi huwa nakutaja nikiwa peke yangu jikoni." Ndipo akalia, naye akamvuta kwa mkono ule ambao bado ulikuwa na gundi ya jana, wakakaa hivyo mpaka muuguzi alipokuja kupima joto na kurudi alikotoka bila kupima.

Nami nawaambia, klabu ile haikumwacha. Mwenyekiti, Bi Almuth Onken, alifika na keki aliyoioka mwenyewe, ngumu kama tofali, wala hakuleta pole. Alileta ombi. Timu ya wasichana haina kocha, wanafanya mazoezi katika jumba la zamani nyuma ya kiwanda cha kamba, na wana vichwa vigumu. Anawataka? Wiki hiyo hiyo klabu ya mji aliozaliwa ilimpigia kutoka Slovenia: wanamtaka awe kocha msaidizi wa timu kubwa. Ilikuwa heshima ambayo mtu haikatai kirahisi. Tomke alimwambia aende kama moyo wake uko huko, na kwamba hatamruhusu abaki mahali kwa kumwonea huruma mwanamke. Aliyasema hayo akiwa amempa mgongo.

Jernej aliomba apewe muda, akaenda na magongo yake kwenye jumba lile la zamani, akawatazama wasichana wakirushiana mpira na matusi. Mmoja alimwambia kocha aliyekaa hafundishi kitu. Akarudi kesho yake. Akarudi tena.

Mwezi wa Mei, Jumapili moja baada ya chakula, walikuwa jikoni kwa Mzee Focko, Tomke anaosha vikombe na Jernej ameegemea meza anavifuta. Alikuwa amevaa lile shati jeupe lililonyooshwa. Akaweka kitambaa chini.

"Nimewapigia Slovenia. Nimewashukuru, nimekataa."

Tomke alifunga bomba. "Kwa ajili yangu?"

"Kwa ajili ya wale wasichana. Wananitukana vizuri kuliko kocha yeyote niliyewahi kuwa naye." Akasogea karibu naye. "Wewe ni jambo jingine. Kwako nina ombi, lakini nimekwama tangu asubuhi. Ombi lenyewe huombwa mtu akipiga goti, na mimi siwezi."

Tomke alimtazama, akautazama na ule mguu ulionyooka kama ubao. Alikausha mikono kwenye sketi yake. Kisha, polepole, akashuka yeye, magoti yote mawili kwenye vigae vilivyolowa, akamshika mkono.

"Basi sema haraka," alisema, "sakafu ina baridi."

Jernej akasema. Naye akaitikia, bila kipaza sauti, ila nyumba nzima ilisikia, kwa sababu kutoka sebuleni mkongojo uligonga sakafu na mzee akauliza kama sasa anaweza kuja kuchukua kikombe chake.

"Bado kidogo, Baba," Tomke alisema, na hakuinuka.