Mfagizi wa Uani

Asubuhi, kabla chai haijachemka, Bibi alifungua banda la kuku. Kuku walitoka mbio, wakatawanyika uani. Nyuma yao alipita mbwa wa nyumba hiyo, akila mavi ya kuku moja baada ya jingine, kuanzia mlangoni mwa banda mpaka chini ya kamba ya kuanikia nguo. Alipomaliza, ua ulikuwa safi. Kwa kazi hiyo walimpa jina la Mfagizi.

"Huyu haombi likizo wala hanuni," Bibi alipenda kusema. "Na mgongo wangu unapumzika."

Bibi aliuza mayai. Mwanawe alikuwa fundi baiskeli, na kazi zake alizifanyia barazani, mbele ya nyumba. Mke wa fundi alishona nguo kwa cherehani, dirishani. Mtoto wao alikuwa mmoja tu, binti aliyekuwa ndiyo kwanza anatambaa. Walimwita Kipusa.

Jua likipanda, mama alimlisha Kipusa uji uani, juu ya mkeka. Kipusa hakuwa na haraka. Nusu ya uji ilikwenda tumboni, nusu ikabaki mikononi, mashavuni na puani.

"Mfagizi!" mama aliita akicheka. "Njoo umsafishe mwenzako!"

Mbwa alikuja akitikisa mkia. Aliramba vidole, akaramba viganja, akamalizia kidevu na midomo. Kipusa alicheka mpaka akashikwa na kwikwi. Mama akarudi kwenye cherehani bila kugusa maji wala sabuni.

Hawakuwa watu wachafu. Sakafu yao ilipigwa deki, na sufuria zao ziling'aa. Wote walijua mbwa anakula nini asubuhi. Wote walijua mbwa anaramba nini baadaye. Hakuna aliyeyaweka mambo hayo mawili pamoja.

Siku moja Kipusa alianza kuharisha.

"Meno hayo," alisema Bibi. "Hata baba yake alikuwa hivyohivyo."

Kesho yake mwili wa mtoto ulichemka, na kwenye nepi mama aliona damu. Alipiga ukelele. Fundi aliacha gurudumu la mteja chini, akawapakia mama na mtoto kwenye baiskeli, wakaenda hospitali.

Muuguzi alimfinya Kipusa ngozi ya tumbo kidogo, kisha akaiachia. Ngozi ilichelewa kurudi. Macho ya mtoto yalikuwa yamedidimia.

"Mwangalieni," alisema muuguzi. "Analia, lakini machozi hayatoki. Maji yamemwishia mwilini. Mtoto akiharisha damu, msikae kusubiri meno. Mleteni siku hiyohiyo. Na njiani mwendelee kumnyonyesha na kumpa maji yenye chumvi maalumu tunayotoa hapa."

Walimtundikia dripu, wakampa dawa. Kipusa alipona, akarudi nyumbani. Mama alianza kuchemsha kila kitu. Alimsema muuza maziwa kwamba ndiye chanzo, mpaka mtu wa watu akahama njia. Lakini uji uliliwa palepale kwenye mkeka, na Mfagizi akaitwa kama kawaida.

Kipusa aliugua tena. Safari hii hakuwa hata na nguvu ya kulia. Mama alimkumbatia kitandani hospitalini na kuwaza kwamba mtoto huyu atamponyoka. Aliogopa hata kulitamka hilo kwa mumewe.

Muuguzi alimwita fundi pembeni.

"Majibu ya kipimo cha choo yametoka. Vijidudu hivi hukaa sana kwenye matumbo ya kuku. Mnafuga?"

"Mama yangu anafuga. Lakini mtoto hafiki bandani."

"Basi vinamfuata alipo. Mwite daktari wa mifugo aje aangalie nyumbani. Mimi nitamtibu leo, lakini mkimrudisha kwenye jambo lilelile, sijui kama mwili wake utahimili mara ya tatu."

Daktari wa mifugo alifika asubuhi. Bibi alimfahamu vizuri, kwa kuwa ndiye aliyewachanja kuku wake dhidi ya ugonjwa wa kideri.

"Mama, fanya kama unavyofanya kila siku," alisema daktari. "Mimi nitatazama tu."

Bibi alifungua banda. Kuku wakatoka. Mfagizi akaanza kazi.

"Unaona mwanangu?" alisema Bibi kwa fahari. "Hapa hukuti uchafu."

Daktari hakucheka. Alimgeukia fundi. "Na mtoto akishakula, mnamnawisha wapi?"

Fundi aligeuka. Alimtazama mbwa.

"Hatumnawishi," alisema polepole. "Mbwa humramba."

Bibi aliinama, akakalia ndoo iliyopinduliwa. Machozi yalimtoka. "Yaani mimi nimemlisha mjukuu wangu mavi ya kuku?"

Fundi aliingia ndani, akatoka na kamba. "Mbwa huyu leo anaondoka!"

"Weka kamba hiyo chini, baba," alisema daktari. "Mbwa ana kosa gani? Kazi mlimpa nyinyi. Ukimwondoa, mavi yatabaki, na mtoto atatambaa juu yake."

"Sasa tufanye nini?"

"Kwanza mwelewe. Mbwa anayekula kinyesi cha wanyama wengine humeza vijidudu na mayai ya minyoo. Anaweza kuugua, akaharisha na kukonda. Anaweza pia asionyeshe dalili yoyote, huku akivibeba mdomoni na kuvitoa kwenye kinyesi chake. Akila kinyesi cha ng'ombe au mbuzi aliyepewa dawa ya minyoo karibuni, dawa ile nayo inaweza kumdhuru. Kwa hiyo anayeumia si mtoto peke yake."

"Na ulimi wa mbwa?" aliuliza Bibi. "Si husemwa ni dawa?"

"Ulimi wa mbwa una kile alichokula, mama. Basi."

Siku hiyohiyo Bibi alishika ufagio na beleshi. Fundi alichimba shimo la kutupia mavi mbali na kisima, akalifunika kwa bati, na banda akalizungushia wavu. Mfagizi alipewa dawa ya minyoo na chakula cha kumshibisha, akawa anafungwa usiku na kufunguliwa tu baada ya ua kufagiwa. Mama aliporudi na Kipusa, alikuta ndoo yenye bomba na sabuni karibu na mkeka. Alielezwa yote. Alilia, kisha akanawa mikono, akamnawisha na mtoto.

Kipusa hakuugua tena ugonjwa ule. Mashavu yalirudi. Mvua zilipoanza, alikuwa anatembea akishika ukuta.

Asubuhi moja jirani anayefuga mbuzi aliita kutoka upande wa pili wa ukuta wa ua.

"Bibi we! Niazime Mfagizi wako. Zizi langu limechafuka, na mimi kiuno kinaniuma."

"Mbwa sikupi," alijibu Bibi.

"Jamani! Uchoyo huo umeanza lini?"

Bibi aliliegemeza beleshi ukutani, akasogea karibu. Hakuwa na uso wa utani.

"Nyumbani kwako kuna mtoto anayetambaa?"

"Yupo, wa binti yangu."

Bibi alilinyanyua beleshi, akalipitisha juu ya ukuta.

"Chukua hili. Nakuja na ufagio, tufagie wote."