Taarifa Aliyoizima Chiriku

Kila alipotoka shuleni, Chiriku alipitia dukani kwa shangazi yake, muuza dawa. Alikuwa msichana wa darasa la sita, na jina hilo alipewa kwa sababu mdomo wake haukujua kupumzika. Alifuta vumbi kwenye rafu, kisha akaruhusiwa kucheza kwenye kompyuta ya kaunta.

Kompyuta hiyo ilikuwa na kazi yake. Kila baada ya saa moja, kivinjari kiliiuliza tovuti ya wakaguzi wa dawa kama kuna habari mpya. Ikiwepo, kengele ililia na taarifa ikatokea kwenye skrini. Ijumaa taarifa tatu zilifuatana, zikamharibia mchezo. Chiriku akabonyeza "Acha kupokea." Kukawa kimya, akacheza akashinda, na kurudisha akasahau.

Alikumbuka Jumatatu. Akawahi kurudisha kabla shangazi hajajua, na papo hapo kengele ikalia. Ilikuwa taarifa ya Jumamosi: dawa ya kikohozi ya watoto, toleo namba 418, ina nguvu kupita kiasi. Iondolewe madukani, asipewe mtoto yeyote.

Chiriku akageukia rafu. Ijumaa alipanga chupa tano za toleo hilo kwa mikono yake. Sasa zilikuwa nne.

"Shangazi, dawa hii ya kikohozi amenunua nani?"

"Mama fundi, yule mshonaji wa mlango wa tatu, leo mchana. Mtoto wake anakohoa. Kwani vipi?"

Uongo ulikuwa tayari ulimini: mtandao ulikatika. Akaumeza.

"Nimekosa, shangazi. Nilizima taarifa Ijumaa, zilikuwa zinanisumbua. Soma hapa."

Shangazi alisoma, akanyakua simu. Alimpigia Mama fundi, haikupokelewa. Wakatoka mbio wakaliacha duka wazi.

Kwa Mama fundi cherehani ilikuwa ikinguruma, ndiyo maana simu haikusikika.

"Umeshampa dawa?" shangazi aliuliza akihema.

"Kijiko kimoja mchana. Tena amelala fofofo."

Shangazi alimtikisa mtoto. Hakuamka. Nimemuua, Chiriku aliwaza.

Walimkimbiza zahanati, wakangoja kwenye benchi saa mbili. Ndipo kilio kikali cha mtoto kikasikika chumbani, na daktari akatoka akijifuta jasho.

"Kijiko kimoja amekihimili. Cha jioni kingetushinda."

Mama fundi aliangua kilio. Chiriku akapiga magoti mbele yake, akaomba radhi huku machozi yakimtiririka.

Shangazi akamwinua. "Mimi nami nina kosa. Niliona kimya cha siku tatu nikadhani hakuna jipya, nisiulize. Lakini kumbuka, mwanangu: mficha maradhi, kilio humuumbua. Kitu usichokijua kazi yake, usikizime. Na ukikosea, sema saa hiyo hiyo, hata kama unatetemeka. Ungengoja mpaka jioni, sasa hivi tungekuwa tunamlilia mtoto wa watu."