Mrututu wa Frane

Upepo wa bura ulishuka mlima wa Velebit bila kubisha hodi, ukaipigiza mashua ya Frane Kolega kwenye kijisiwa kisichootesha hata magugu. Kaka yake, Jakov, alibanwa mguu kati ya mbao na mwamba. Walipomchomoa, mfupa ulikuwa nje.

Tonka, mke wa Jakov, alimkaza mkanda juu ya goti. Damu ilipungua, haikukoma. Simu zilikuwa zimezama, betri za tochi zimekufa kwa maji ya chumvi.

"Feri ya jioni itapita pale na kwenda zake," alisema Frane.

"Mrututu, ile dawa ya buluu ya mizabibu, umesalimika, shemeji?" Tonka alikuwa mwalimu wa kemia.

"Mfuko mzima."

"Na bomba la kunyunyizia ni la shaba. Likate, tutengeneze betri ya kuwasha tochi."

"La marehemu baba!"

"Mwanawe huyo anakufa. Likate."

Alilikata huku akilia. Tonka aling'oa vipande vya zinki vilivyozuia kutu kwenye mashua. Wakapanga vikombe vitatu, shaba chini, zinki ikining'inia juu, wakaviunganisha kwa waya. Frane akatia dawa kama alivyozoea shambani: mrututu kidogo, maji mengi, akakoroga hadi chembe ya mwisho ikayeyuka, maana dawa kali huunguza majani.

Taa ya tochi haikuwaka.

"Umekoroga!" Tonka alifoka. "Volteji inafuata ukali wa maji! Chini kwenye shaba mrututu uwe mzito mpaka ukatae kuyeyuka. Juu kwenye zinki, maji ya bahari matupu. Ukivichanganya umeua."

Feri ilipita wakiwa bado wanakwangua shaba iliyoganda kwenye zinki, madirisha yake yote yaking'aa. Jakov aliacha kutetemeka, na hilo likawatisha zaidi.

Wakamimina upya, polepole. Taa ikawaka, hafifu. Kila buluu ilipopauka chini taa ilififia, na Frane akadondosha mawe mengine ya mrututu, kisha akarudisha mikono nyuma asije akakoroga. Hakuna aliyetarajia kitu. Waliendelea tu, kwa sababu kuacha kulimaanisha kumtazama Jakov.

Mvuvi wa ngisi aliiona taa mfuko ukiwa mtupu.

Mguu haukuokoka. Mizabibu ilipochipua, Frane alisimama mbele ya pipa la dawa, kijiti mkononi, asiweze kukitumbukiza.

"Koroga, mjinga wewe!" Jakov alimpigia kelele kutoka kitini. "Mimi nimeshaokolewa!"

Frane akakoroga, machozi yakidondokea pipani.