Kaseti Ambayo Haikutumwa

Nilikuwa nimefuata waya tu. Jua lilikuwa linazama nilipofika kwa fundi redio, naye keshaanza kufunga kibanda. Nikamweleza kwamba nataka kutoa sauti kwenye kompyuta niziingize kwenye redio kaseti. Akacheka, akaniuliza kama nimefufuka kutoka enzi za mababu. Sikuwa na hamu ya utani.

Kaka yangu alikuwa amezikwa ugenini, bila sisi. Tangu habari itufikie, mama hakutia chakula mdomoni. Macho yake yalizimika zamani. Simu kwake ni kipande cha kioo, lakini vitufe vya redio yake anavijua kwa vidole. Aliniambia nimwekee humo sauti ya mwanawe, ndipo atakula. Mimi niliyemwogesha mama na kumkata kucha miaka yote, sauti yangu haikutosha. Iliniuma, na sitaficha.

Waya nilipata, lakini kaseti mpya fundi hakuwa nayo. Nyumbani nikachukua moja ya zamani kwenye sanduku la mama. Ilikuwa barua ya sauti ambayo mama alimrekodia kaka, kaka alipoondoka nyumbani, kisha asipate mtu wa kuipeleka. Kile kidude cha plastiki kwenye ukingo wa juu wa kaseti kilikuwa kimevunjwa ili isifutwe. Nikaziba tundu lake kwa karatasi, ikakubali kurekodi.

Nikachomeka waya, nikabonyeza kitufe chekundu, nikazicheza kwenye kompyuta jumbe za sauti alizokuwa akitutumia kaka, moja baada ya nyingine. Kazi hii haina njia ya mkato, lazima ukae usikilize zote. Zilikuwa fupi, za mtu mwenye shughuli zake. Mama, hujambo. Nitapiga wiki ijayo. Chumba cha pili, mama alikuwa amelala.

Zilipoisha nikarudisha mkanda nyuma, nijaribu.

Sshhhh... "Mama, hujambo?"

Halafu, chini kabisa, kama mtu anayeongea ndani ya blanketi...

"Sijambo, mwanangu."

Sauti ya mama.

Nywele zilinisimama. Nikajiambia ni ile barua ya zamani haijafutika vizuri. Baadaye fundi naye alisema hivyohivyo, kwamba redio imechoka, inafuta nusunusu. Nilitaka sana kumwamini.

Lakini kaka akauliza, "Uko na nani hapo?" Kwenye kompyuta swali hilo halikuwepo.

"Niko peke yangu," mama akajibu. "Dawa ya leo ilikuwa chungu."

Dawa hiyo nilimnywesha mimi, jioni hiyohiyo, kwa mkono wangu. Chumba kikaanza kunuka udongo uliotoka kuchimbwa.

"Nije nikufuate?" kaka akauliza.

"Nifuate. Mkanda ukiisha."

Nikapeleka kidole kwenye kitufe cha kuzima.

"Usiizime."

Mama alikuwa amesimama mlangoni. Mama, ambaye hatoki kitandani bila kushikwa mkono. Nikamnong'oneza kwamba huyo si kaka, kwamba kaka hayupo tena. Akapapasa ukuta mpaka kwenye kiti, akakaa, akaikumbatia redio.

"Miaka yote hii nimengoja anijibu," alisema taratibu. "Niletee chakula."

Nikaleta. Nani angekataa? Alikula sahani nzima, huku akitabasamu na sikio limeelemea spika. Nami, mjinga mimi, nikafurahi. Nikaona potelea mbali, kama ni jini basi ni jini linalomlisha mama yangu. Nikachukua sahani nikaenda kuiosha.

Nikiwa jikoni nikasikia...

Tak.

Kitufe kilikuwa kimeruka chenyewe. Mkanda umeisha.

Nilipofika, mikono yake bado ilikuwa imeikumbatia redio. Mikono hiyo ilikuwa imeshaanza kupoa. Sakafuni, kutoka mlangoni hadi kwenye kiti, kulikuwa na nyayo za udongo, za mtu mwenye miguu mikubwa kuliko yetu. Nilizipiga deki kabla majirani hawajaja.

Baada ya mazishi niliisikiliza kaseti. Mwishoni, pale ambapo sikurekodi kitu, sasa wanaongea wawili, wazi kabisa, na wanacheka. Kisha kaka anauliza:

"Na dada, tumchukue?"

Mkanda unazunguka...

"Mwache huyo," mama anasema. "Amezoea kubaki."

Watu wananishauri niichome. Sijaichoma. Kila jioni nafunga mlango, nairudisha nyuma, na kuisikiliza tena hadi mwisho. Labda siku moja mama atabadili jibu.